Mifupa Myeupe Juu, Myeusi Chini

Wanaume walipolibeba jeneza la Mzee Hamisi kwenda makaburini, sisi wanawake tulibaki katika nyumba yake ya Majengo, mjini Nyeri. Sebule ilikuwa ndogo na imejaa. Tulikaa kwenye mikeka, magoti yakigusana, na kutoka uani ilikuja harufu ya vitunguu vilivyokuwa vikikaangwa kwa ajili ya pilau. Ndugu yangu Kariuki alikuwa ameondoka na wanaume. Mimi na mdogo wetu Wambui, Wakristo wawili tuliojifunga leso za kuazima kichwani, tulipewa chai ya tangawizi na kuambiwa tusijione wageni. Mazungumzo yalikuwa ya chinichini. Mmoja alisema marehemu hakuwahi kula nyama ya jana. Mwingine akasema, "Lakini ile kazi yake ya kuchoma mifupa, wallahi, ilitufukuzia wachumba. Nguo zetu zote zilinuka." Wakacheka kwa kujificha, na Wambui akacheka nao. Hapo mpwa wa marehemu, mama mnene aliyekaa mbele yetu, akamwangalia kwa makini. "Dada, usikasirike. Hayo meno yako yalifanywa nini? Ni kama fundi alianza kuyapaka rangi akaenda lanchi." Wambui akaweka mkono mdomoni, kama alivyozoea tangu akiwa shuleni. "Ni vile nilizaliwa," akasema.

Hakuna anayezaliwa na meno. Meno mawili ya mbele ya Wambui, yale ya juu, yana ukingo wa rangi ya kahawia, kama kikombe kilichosahauliwa na chai ndani. Ukipanda kidogo unakutana na mstari ambao haujanyooka vizuri, na juu ya mstari huo, hadi kwenye ufizi, jino ni jeupe kama maziwa. Nimeutazama mstari huo maisha yake yote, akila, akilia, akihubiriwa siku ya kipaimara, na siku zote nilidhani anajua ulikotoka kwa sababu mimi ninajua. Nikiwa nimekaa pale na kikombe mkononi niligundua kwamba sijawahi kumwambia. Hofu ya mwaka ule niliibeba peke yangu, nikaizoea, na mwishowe nikaona haina maana kuileta mezani.

Mwaka huo tulikuwa tumebaki watatu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minane na nilikuwa nimeacha shule katika kidato cha tatu. Kariuki alikuwa na miaka kumi. Wambui ndiyo kwanza alikuwa anatembea bila kushika ukuta. Wazazi wetu walikuwa wamelala pembeni mwa shamba, chini ya miti miwili ya mibariti ambayo baba mwenyewe aliipanda. Tuliishi upande wa Kieni, kwenye tambarare kavu ambako unauona Mlima wote na theluji yake kila asubuhi, na bado huna maji. Maji ya mvua yaliyokingwa mabatini yakiisha kwenye tangi, kijiji kizima kilirudi kwa maji ya kisima kirefu cha pampu, na maji hayo yaliuzwa kwenye kioski cha Mama Njoki, jirani yetu. Yalikuwa maji mazuri kwa macho. Yalikuwa baridi, hayana harufu, hayana tope, na ukiyamwaga kwenye glasi unamwona mtu upande wa pili. Kliniki ilikuwa imetufundisha kuchemsha maji ya mtoto, nami niliyachemsha kwa bidii ya mtu aliyeachiwa watoto wa mama yake. Jikoni kwetu, kwenye kile chumba cha mabanzi kilichobandikwa magazeti ukutani, sufuria ya maji ya Wambui haikutoka motoni tangu asubuhi. Yakipungua niliongeza mengine. Niliamini kwamba kadiri yanavyochemka ndivyo yanavyokuwa salama.

Kuhusu meno, sote tuliyaona na hakuna aliyeyafikiria. Mimi yangu yalikuwa meupe kwa kuwa nilianza maisha Mukurweini, kwenye mito na migomba, kabla hatujahamia Kieni. Kariuki, aliyeletwa huku akiwa mgongoni, yake yalikuwa ya kahawia kabisa, na mawili yalikuwa na vishimo. Watu walisema ni baridi. Wengine walisema ni chai nyingi. Siku moja timu ya shule yao ilishuka Nyeri kucheza mpira, na Kariuki aliporudi hakula. Nilimkuta nyuma ya nyumba akisugua meno kwa majivu na mchanga, ufizi ukitoka damu. "Wametuuliza kama Kieni tunapiga mswaki na matope," akasema. "Refa pia alicheka." Nikamnawisha mdomo. Kisha nikamwambia ale githeri yake kabla haijapoa.

Nilipata kazi kwa Mzee Hamisi kwa sababu wengine hawakuiweza harufu. Alikuwa ameuza nyama mjini kwa miaka mingi, kisha akamwachia mwanawe bucha na kukodi kiwanja kando ya barabara ya Kiganjo, ambako alichoma mifupa iwe mkaa wa kuchujia maji. Siku ya kwanza aliniweka kwenye meza ndefu ya mbao pamoja na gunia la mifupa kutoka buchani, akaniambia nitoe ya nguruwe. "Wanachanganya," alisema. "Wanafikiri mfupa ni mfupa. Mimi nina wateja Waislamu, na mtu hawezi kuchujiwa maji ya kutawadhia kwa nguruwe." Nilimuuliza nitaijuaje. Akachukua taya moja la juu, akaligeuza mbele ya uso wangu. "Huyu unamwonaje? Anakucheka. Ng'ombe hacheki, juu hana meno ya mbele." Hivyo ndivyo nilivyojifunza. Mifupa ya ng'ombe na mbuzi tuliichemsha kutoa mafuta, tukaikausha juani, tukaishindilia ndani ya pipa la chuma, tukafunga kifuniko kwa udongo ili hewa isiingie, kisha tukawasha moto nje ya pipa kwa maganda ya kahawa aliyoletewa kutoka viwanda vya kule chini. Hapakuhitajika kuni nyingi. Pipa likishapoa tulifungua, na ndani mifupa ilikuwa myeusi tititi. Mzee aliivunja mmoja mmoja. Ukiwa na kahawia katikati, aliurudisha, kwa sababu utanukisha maji. Ukiwa mweupe, aliutupa kwenye lundo la mbolea. "Huu umekufa," alisema. "Moto umeupitiliza. Hauna tena mikono ya kushika."

Nilikuwa nimefanya kazi wiki chache aliponiuliza natoka wapi. Nikamwambia Kieni. Akaniangalia meno, akatikisa kichwa. "Wewe si wa Kieni." Nikamweleza habari ya Mukurweini. Akauliza kama nina wadogo, na umri wao, na maji wanayokunywa. Nilijibu nikiendelea kupanga mifupa, nikasema kwa fahari kidogo kwamba yule mtoto namchemshia maji kutwa nzima. Akaweka chini taya alilokuwa ameshika.

"Binti," akasema, "ukipika mchuzi ukauacha motoni, chumvi inapungua?"

"Inazidi, Mzee."

"Basi. Kwenye hayo maji kuna chumvi inaitwa floraidi. Kidogo sana, huionji, huioni. Moto unaua wadudu, lakini hiyo si mdudu. Mvuke unakwenda, yenyewe inabaki."

Nakumbuka nilitazama mikono yangu, nyeusi hadi kwenye viwiko. Nilimuuliza kama ndiyo iliyoharibu meno ya Kariuki, akasema ndiyo. Nikasema, afadhali Wambui, meno yake ya utotoni ni mazuri. Mzee akakaa kwenye gunia. Alikuwa mtu wa kuongea polepole, na hapo aliongea polepole zaidi. Akaniambia kwamba meno ya ukubwani ya mtoto hutengenezwa mapema, yakiwa bado yamefichwa ndani ya ufizi, na kwamba ya Wambui yalikuwa yanatengenezwa wakati huohuo tukizungumza. Yatakapotoka, akiwa na miaka sita au saba, yatakuwa yameshamaliza kuwa yatakavyokuwa. "Na meno ni dirisha tu," akasema. "Mifupa mingine iko ndani ya nyama, huioni." Hapo nikamkumbuka mume wa Mama Njoki, aliyekuwa hawezi kugeuza shingo. Akiitwa, aligeuka mwili mzima kama kabati. Hakuwa mzee sana. Mkewe alisema ni baridi ya mgongo, na kila Jumapili alimpeleka aombewe.

Sijawahi kuogopa vile, kabla au baada ya hapo. Nilikuwa nimeogopa walipokufa wazazi, lakini ile ilikuwa hofu yenye watu wengi ndani yake, sufuria kubwa, nyimbo, shangazi kutoka Kangema akipanga viti. Hii haikuwa na mtu. Nilirudi nyumbani nikamkuta Wambui amekaa kizingitini na kikombe chake cha bati, akanipa maji kwa ukarimu, kama alivyopenda kufanya. Nilitaka kumfungua kinywa nione ndani ya ufizi. Usiku na mchana nilifikiri juu ya vitu vidogo vyeupe vinavyokua gizani, na kila tone likiviandika.

Mzee alinipa chujio. Lilikuwa ndoo mbili, moja juu ya nyingine. Ya juu ilijazwa mkaa wa mifupa uliopondwa kama kokoto ndogo, na ilikuwa na tundu dogo chini ili maji yashuke taratibu. Ya chini ilikuwa na bomba. Hapakuwa na moto, injini wala stima. Unamimina jioni, asubuhi unakuta maji. Siku hizi Kariuki anafanya kazi kwenye shamba la maua Timau, anasimamia mashine inayosukuma maji kwa nguvu kupitia utando mwembamba hadi chumvi inabaki nyuma, na inanguruma hadi anavaa vizibo masikioni. Mara ya kwanza aliponionyesha alisema, "Sista, hii inakula stima kama mbwa mwenye njaa. Ndoo yako ilikuwa haili kitu." Lakini mwaka ule hakuwa akiisifu. Alisimama mlangoni akaangalia mifupa ndani ya ndoo na kuuliza, "Hii ni ya nani?"

"Ya ng'ombe."

"Una uhakika?"

Hata mimi niliogopa kunywa. Kwetu mfupa ni wa mbwa, na mfupa mweusi ni kitu kingine kabisa. Nilisali, nikakinga kikombe, nikanywa nimefumba macho. Yalikuwa maji. Mzee alikuwa amenipa pia chupa ndogo ya dawa nyekundu. Unaweka matone kwenye kikombe cha maji. Yakibaki mekundu, floraidi imeshikwa. Wekundu ukififia na kuwa manjano, mifupa imejaa na haishiki tena, ubadilishe. Hilo ndilo lililokuja kunitesa, kwamba maji mabaya na maji mazuri yalikuwa na sura moja, ladha moja, na mtu angeweza kunywesha mtoto mabaya kwa mwezi mzima akiimba.

Maneno yakaanza kutoka kwa watu waliokuwa wamekuja kuazima chumvi au kiberiti, wakaona. Kwanza ilikuwa ati nafanya kazi kwa watu wanaosaga mifupa. Halafu ati mifupa hiyo si ya ng'ombe yote. Nilisikia mwenyewe kwenye foleni ya kioski, nikiwa na mitungi miwili, wanawake mbele yangu wakiwa hawajaniona. "Mtoto ananyweshwa maji ya mifupa. Na wazazi wamekufa wakifuatana hivyo. Wewe hushangai?" Mwenzake akasema, "Mimi sijasema kitu. Nimesema tu makaburi yao yako karibu na nyumba." Nikarudi nyumbani mitungi ikiwa mitupu.

Walikuja asubuhi, jua likiwa limetoka vizuri, wanaume wanne na mzee wa kijiji mbele, na nyuma yao Mama Njoki na wanawake wa kikundi cha maombi. Walinisalimia kwa heshima. Nadhani hofu yangu ingepungua kama wangenitukana. Mzee wa kijiji akavua kofia. "Nyambura, hatujakuja kwa ubaya. Tunataka tu kuona mahali baba na mama wamelala." Tukaenda. Wambui nilimbeba. Kariuki alinishika mkono, jambo ambalo hakuwa amefanya tangu mazishini. Wanaume walizunguka makaburi mawili, wakainama, mmoja akavuta nyasi kuona kama zina mizizi. Zilikuwa na mizizi. Akachoma udongo kwa fimbo, ukakataa kuingia. Nilitazama ile fimbo ikigonga juu ya mama yangu, na nikajua kwamba kama nyasi zingekuwa zimekufa kwa jua, au fuko angekuwa amepita pale akainua udongo, ningenyang'anywa watoto siku hiyohiyo.

"Iko sawa," mzee wa kijiji akasema, akavaa kofia.

"Hapa iko sawa," Mama Njoki akasema. "Lakini ile ndoo bado iko. Mimi siwezi kuuza maji yangu yaende kupitia kitu nyeusi hivyo. Kama unataka hiyo mifupa, isafishwe. Ama hawa watoto waende kwa shangazi yao Kangema, wewe ubaki na ndoo yako."

"Isafishwe vipi, Mama Njoki?"

"Na moto. Mpaka iwe nyeupe. Kitu safi ni nyeupe."

Hawakunipa nafasi ya kujibu. Waliibeba ndoo hadi uwanja wa kanisa lao la mabati, wakawasha moto mkubwa wa kuni za mkaratusi, wakaimwaga mifupa yangu juu ya bati na kuimba wakiizunguka. Ilichukua kutwa. Mama Njoki mwenyewe alikuwa akiigeuza kwa koleo, jasho likimtoka, akiiombea kwa moyo wote. Sikuwahi kumchukia kwa hilo, hata siku ile. Alikuwa na mume asiyeweza kutazama mbingu, na alikuwa akipigana na alichodhani ni adui. Jua likianza kupoa walinirudishia ndoo imejaa vipande vyeupe kama chaki. Wanawake walifurahi. Mmoja alisema sasa hata yeye anaweza kunywa. Wakayamimina maji, wakasubiri yashuke, wakanywa, wakasema ni matamu. Mama Njoki akaniambia, "Nitakuwa nikipita kuangalia. Nikikuta nyeusi tena, mimi mwenyewe nitapiga simu Kangema."

Walipoondoka nikakinga kikombe na kuweka yale matone. Niliketi mbele yake. Wekundu ulisimama kidogo, kama unafikiri, halafu ukaanza kukonda kutoka pembeni hadi maji yote yakawa ya manjano hafifu. Mifupa ilikuwa imekufa, kama Mzee alivyosema. Wambui alikuja akashika ukingo wa kikombe na kusema, "Ma." Alikuwa na kiu.

Kesho yake nilimweleza Mzee Hamisi kila kitu. Nilitegemea akasirike. Alicheka hadi akakohoa, kisha akaacha kucheka aliponiona uso. "Kwa hivyo wanataka kuona nyeupe," akasema.

"Ndiyo, Mzee."

"Na mtoto anataka nyeusi."

"Ndiyo."

"Ndoo ina kimo gani?"

Tuliangaliana. Nilirudi nyumbani na gunia la mkaa wa mifupa chini ya kabichi. Nilijaza ndoo kwa mifupa myeusi hadi karibu na juu, nikatandaza kitambaa, na juu yake nikamwaga ile myeupe ya Mama Njoki kiasi cha vidole viwili. Nilipima maji. Yalibaki mekundu. Kuanzia siku hiyo niliishi nikisikiliza mlango wa uzio. Mama Njoki alipita kama alivyoahidi, tena bila kubisha. Angefunua ndoo, angetazama weupe, angesema "Sawa," na mara nyingine angekaa, angekinga kikombe, anywe. Kila alipokaa nilivichunga kwa macho vidole vyake karibu na ukingo wa ndoo. Nilimfundisha Kariuki kusema hajui. Nilijifunza kubadilisha mifupa huku nimefunga mlango na kuimba nyimbo za tenzi ili wapita njia wasikie nyumba ya Kikristo. Myeusi iliyojaa niliifukia kwenye shimo la mbolea. Hofu ilikuwa pande mbili. Nikiacha mifupa ikae, Wambui ananyweshwa. Nikiibadilisha mara kwa mara, nitaonekana. Shangazi wa Kangema alituma salamu kwamba nafasi ipo, na kwamba wawili watagawanywa kati yake na binti yake. Nilimjibu kwamba tunaendelea vizuri. Mwaka ukaisha hivyo. Hakuna lililotokea, na kwangu hilo ndilo nililokuwa nikiliomba kila siku, kwamba lisitokee kitu.

Miaka ikapita, ndoo ikiwa palepale kwenye kona ya jikoni. Wambui alianza shule. Meno ya utotoni yakaanza kulegea, akayatupa juu ya paa kama watoto wote. Asubuhi moja alikuja kwangu nikisonga ugali, akafungua kinywa. Kwenye pengo la juu kulikuwa na ncha ya jino jipya imechomoza kama punje ya mchele. Nilimpeleka mlangoni penye mwanga. Ilikuwa ya kahawia.

Nililifuta kwa ncha ya nguo yangu. Nikalifuta tena. Wambui akasema, "Unaniumiza." Nilimwacha, nikamaliza kusonga ugali, nikawapakulia, kisha nikapanda gari hadi Kiganjo. Mzee alikuwa amezidi kuzeeka, akikaa kwenye kiti akielekeza wengine. Nilisimama mbele yake nikalia kama sikuwahi kulia makaburini. Nilimwambia kwamba nimemnywesha mtoto mifupa miaka yote hiyo, nimewadanganya majirani, nimeogopa kila siku niliyoishi, na jino limetoka la kahawia.

"Limetoka lote?" akauliza.

"Ncha tu."

"Ncha ndiyo iliyotengenezwa kwanza, binti. Hiyo ni ya kabla ya ndoo. Sasa nenda nyumbani, uache jino litoke."

Sikuamini. Sikuwa na nguvu za kuamini. Lakini nilirudi nikaendelea kumimina maji, kwa kuwa sikujua kufanya kitu kingine. Kila asubuhi nilimwinua Wambui kidevu mlangoni. Kahawia ilishuka kidogo, ikashuka tena. Halafu asubuhi moja palikuwa na mstari, na juu ya mstari, ukitoka kwenye ufizi wenye unyevu, palikuwa na weupe. Nilimwita Kariuki aje aone, nisije nikawa naota. Yeye wakati huo alikuwa kijana mkubwa wa sauti nzito, na alikuwa hajafungua mdomo kucheka mbele ya watu kwa miaka. Alitazama sana. Akasema tu, "Ni jeupe kweli," akatoka nje, akakata kuni ambazo hatukuzihitaji.

Mama Njoki alikuja Jumapili iliyofuata. Habari ya meno ilikuwa imemfikia. Alimshika Wambui kidevu, akamgeuza huku na huku, akamwachilia. "Nataka hiyo mifupa," akasema. "Njoki ameniletea mtoto nimlee. Hajafika mwaka." Nilisimama pale na mwiko mkononi. Nilijua kwamba nikimpa ile myeupe mtoto atakunywa maji yaleyale, na nikimwambia ukweli atakumbuka simu ya Kangema.

"Mama Njoki," nikasema, "ile nyeupe haifanyi kazi. Chini ya kitambaa kuna nyeusi. Imekuwa hivyo siku zote."

Akaniangalia kama mtu aliyechoka kusubiri. "Ati unafikiri mimi sina macho? Ile siku ya kwanza nilikuja nikaingiza mkono, wewe ukiwa umeenda kuchuma sukuma. Ulitoka nyeusi mpaka hapa." Akanionyesha kifundo cha mkono.

"Na hukusema."

"Ningesema nini? Wale wanawake walikuwa wamenisimamia nyuma. Na baadaye nikaona huyo mtoto wako anakimbia." Akavuta kiti akakaa. "Bwanangu sijawahi kumwona akikimbia. Nipatie nyeusi. Weka na ile nyeupe kidogo juu, ya wageni."

Nilimtengenezea ndoo yake siku hiyohiyo. Tuliijaza pamoja, mlango ukiwa wazi, na hatukuimba.

Haya yote niliyakumbuka Majengo nikiwa na chai iliyopoa mkononi. Wanaume walirudi kutoka makaburini na udongo mwekundu kwenye viatu, pilau ikapakuliwa, na Kariuki akaletewa sahani uani pamoja na vijana wa nyumba. Nilimwona kupitia dirishani akicheka na mmoja wao, meno yake yote ya kahawia nje. Tulipomaliza kula, mimi na Wambui tulichukua sufuria tukaenda kuosha kwenye bomba la nyuma. Akiwa ameinama aliniambia kwamba daktari mmoja wa meno mjini amemwambia anaweza kuufuta ule mstari, na kwamba yeye anafikiria kukubali.

Nikamwambia anyooke. Nikaweka kidole changu chenye povu kwenye ukingo wa jino lake. "Hapa ni kabla hujachujiwa maji," nikasema. "Na hapa juu ni baada." Nilimweleza habari ya ndoo, kwa kifupi, kwa sababu watu walikuwa wanasubiri sahani. Alisikiliza akiwa ameshika sufuria kifuani, maji yakimtiririkia kwenye gauni. Kisha akapitisha ulimi juu ya jino lake, polepole, kutoka chini kwenda juu.

"Na mstari wenyewe?" akauliza.

"Hapo ni ule mwaka nilikuwa naogopa."

Ndani mtu aliita kwamba wageni wapya wamefika na sahani hazitoshi. Wambui alisuuza sufuria, akainama kuchukua nyingine, na alipokuwa akimjibu yule mtu kwamba tunakuja, alikuwa anacheka, mikono yake yote miwili ikiwa majini.